Kuondoa si Kumaliza

Maji hayana kinyongo. Hupokea kila kitu kitupwacho ndani yake. Huosha mikono ya mwuaji kama yaoshavyo mikono ya mganga. Huchukua udongo wa shamba na jasho la mwili, kisha hujinyoosha yakapita kimya. Kwa sababu ya ukarimu huo mwanadamu ameyadhania kuwa ni sahaulifu. Ameyatwika kila alichokichoka, na kitu kilipopotea machoni pake alisema kimekwisha. Dhana hiyo ni ya zamani, nayo imeponza vizazi vingi, kwa maana kupotea machoni ni jambo moja na kwisha ni jambo jingine. Ilimu ya kusafisha maji, tangu ilipoanza mpaka leo, ni habari ya watu waliolazimika kujifunza tofauti ya mambo hayo mawili, na somo lenyewe halijamalizika.

Waamuzi wa kwanza wa maji walikuwa jicho, pua na ulimi. Maji yaliyong'aa, yasiyonuka na yenye ladha njema yalihesabiwa kuwa safi. Hukumu yao ilivunjwa mwaka 1854 katika jiji la London, wakati kipindupindu kilipoua mamia ya watu katika mtaa wa Soho. Daktari John Snow alifuata nyumba za wafu moja moja, akaona kwamba wengi wao walikuwa wamekunywa maji ya bomba moja lililokuwa katika njia ya Broad Street. Bomba lile halikuchukiwa na watu, lilisifiwa. Mjane mmoja aliyekuwa amehamia Hampstead, mbali na mtaa ule, alikuwa akiletewa maji yake kwa sababu aliyaona matamu kuliko mengine. Aliyanywa, akafa. Ulimi ulikuwa umetoa ushahidi wa uongo, na tangu siku hizo mwenye akili hakuweza tena kuyaamini maji kwa uzuri wa sura yake.

Baada ya adui kujulikana, silaha ilipatikana. Mwaka 1908 mji wa Jersey City huko Marekani ulianza kutia dawa ya klorini katika maji ya mji mzima bila ya kukoma, na miji mingine ikafuata. Homa ya matumbo ilirudi nyuma, na watoto ambao wangalizikwa walikua. Hapana dawa nyingi duniani zilizookoa watu wengi kwa gharama ndogo kama hiyo. Walakini mwaka 1974 mkemia Johannes Rook, aliyefanya kazi katika idara ya maji ya Rotterdam, alitangaza jambo lisilotazamiwa. Klorini ilipokutana na mabaki ya majani na udongo yaliyomo katika maji ya mto, ilizaa klorofomu na jamaa zake. Dawa iliyowekwa ili iue uchafu ilikuwa imeumba uchafu mwingine, mdogo zaidi na mgumu zaidi kuonekana. Klorini haikuachwa, na ilikuwa haki isiachwe, maana kipindupindu huua kwa siku chache na klorofomu katika kipimo kile huhofiwa kwa madhara ya miaka mingi. Lakini wahandisi walipata fundisho kubwa: kila usafishaji huacha masazo yake, na asiyeuliza habari za masazo hajui alichokifanya.

Fundisho hilo ndilo linalotakiwa leo zaidi kuliko zamani, kwa sababu orodha ya uchafu imerefuka. Wataalamu huzungumza juu ya vichafuzi vipya, yaani mabaki ya dawa za hospitali, homoni, dawa za mashambani, vipodozi, sabuni, na mchanganyiko mwingi wa viwandani ambao haukuwamo katika sheria za zamani za maji. Upya wao ni wa macho kuliko wa vitu vyenyewe. Vingi vilikuwamo mitoni kwa miaka mingi kabla ya kutambuliwa. Kilichokuwa kipya ni mashine iliyoweza kuvitambua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wakemia wa Berlin walikuwa wakitafuta dawa za kuua magugu katika maji ya mji wao. Katika vipimo vyao ilijitokeza asidi ya klofibri, kitu kinachofanana na dawa ya magugu lakini kisichotoka shambani kabisa. Ilikuwa masalio ya vidonge vilivyomezwa na wagonjwa ili kupunguza mafuta katika damu. Walitafuta shamba wakakuta hospitali. Dawa ilikuwa imeingia kinywani, ikafanya kazi yake, ikatoka pamoja na mkojo, ikapita katika mitambo ya majitaka, ikazama ardhini, na hatimaye ikarudi katika bomba la jikoni.

Baada ya hapo kila aliyetafuta alipata. Mwaka 2002 wachunguzi wa serikali ya Marekani walitoa habari za vijito na mito 139 katika majimbo 30: walitafuta vitu 95 vya namna hiyo, na asilimia 80 ya mito ile ilikuwa na kimoja au zaidi. Mwaka 2022 uchunguzi mkubwa zaidi ulichapishwa, wa mito 258 katika nchi 104. Ndani ya mito hiyo kafeini, dawa ya kisukari iitwayo metformini, na dawa ya kifafa iitwayo kabamazepini ndizo zilizokutwa mara nyingi kupita nyingine. Kadhalika ulionyesha kwamba mito iliyochafuka zaidi kwa dawa haikuwa ile ya mataifa tajiri yamezayo dawa nyingi, bali ilikuwa hasa katika Afrika iliyo kusini ya Sahara, Asia ya Kusini na Amerika ya Kusini, mahali ambapo majitaka mengi hufika mtoni kabla hayajatiwa mkono.

Vipimo vya uchafu huu ni vidogo hata akili hushindwa kuvishika. Nanogramu moja katika lita ni sawa na gramu moja iliyochanganywa katika lita 1,000,000,000. Bwawa la kuogelea la mashindano ya Olimpiki huchukua lita kama 2,500,000. Basi gramu moja ya dawa, uzito wa punje tatu hivi za mahindi, itakuwa imegawiwa mabwawa 400. Mwenye kuambiwa hesabu hiyo aghalabu hucheka na kuuliza ni nani awezaye kudhurika kwa kitu kidogo kama hicho. Swali lake ni la haki, na lastahili jibu lisilotiwa chumvi. Mtu akinywa lita 2 kila siku kwa miaka 70, na katika kila lita mkawa na nanogramu 100 za kabamazepini, maisha yake yote atakuwa amemeza miligramu 5 na kitu, hali tembe moja ya dawa hiyo huwa na miligramu 200. Kwa dawa nyingi, basi, anywaye maji hana sababu ya kutetemeka.

Lakini si mtu peke yake aliye na haki ya maji. Wahenga walisema maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na kipimo kilicho upuuzi kwa mmoja chaweza kuwa msiba kwa mwingine. Katika jimbo la Ontario, Kanada, kuna maziwa madogo yaliyotengwa kwa majaribio ya elimu. Tangu mwaka 2001 mpaka 2003 wachunguzi wakiongozwa na Karen Kidd walitia katika Ziwa namba 260 homoni itumiwayo katika vidonge vya kuzuia mimba, kwa kipimo cha nanogramu 5 au 6 tu katika lita, ambacho hukutwa chini ya mitambo ya majitaka ya miji. Samaki wadogo wa kiume walianza kutengeneza protini ya kiini cha yai, kazi ambayo maumbile hayakuwapa. Uzazi uliharibika, na baada ya muda mfupi jamaa ile ya samaki ilikaribia kutoweka ziwani. Mtu hunywa lita mbili akaenda zake. Samaki hana pa kwenda, kwa kuwa nyumba yake ndiyo chakula chake na pumzi yake. Na bakteria wanaoishi katika mabaki ya dawa za kuwaua hupata nafasi ya kujifunza kuzistahimili dawa hizo, kisha ujuzi wao hurudi hospitalini. Kuna na habari nyingine ya ziwa lile ambayo hutajwa mara chache: homoni ilipoacha kutiwa, miaka ilipita, na samaki wakaongezeka tena. Hawakuponywa na mtambo wowote. Waliponywa kwa mkono uliojizuia.

Wahandisi, hata hivyo, hawawezi kungoja kila mkono ujizuie, na kazi yao imezaa watumishi watatu mashuhuri. Wa kwanza ni mkaa amilifu, yaani mkaa uliopikwa tena kwa moto na mvuke hata ukajaa vitundu visivyohesabika. Hufanywa kwa makaa ya mawe, kwa miti, na kwa vifuu vya nazi, kifuu kile kile ambacho watu wa pwani hukitia mpini kikawa upawa. Kuta za vitundu vya gramu moja ya mkaa huo, kama zingaliweza kutandazwa, zingalifunika meta 1,000 za eneo au zaidi, hata gramu saba zatosha kufunika uwanja wa mpira. Maji yakipitishwa humo, vichafuzi vingi hunasa katika kuta hizo kama vumbi katika pazia. Lakini mkaa hauchagui wageni. Maji ya mto huja na mabaki ya majani yaliyooza, nayo hugombea nafasi ile ile, na baada ya miezi nyumba hujaa. Hapo yapasa mkaa uondolewe, uchomwe upya katika tanuri kwa moto wa nyuzi 800 na zaidi, au utupwe. Mkaa haukuua kitu. Ulikipa pango la kujificha.

Wa pili ni ozoni, hewa kali itengenezwayo kwa kupitisha umeme katika oksijeni. Ozoni huzing'ata molekuli katika viungo vyake dhaifu na kuzivunja. Kabamazepini, ambayo hupita katika mitambo ya kawaida ya majitaka karibu kama ilivyoingia, haistahimili mbele yake. Uswisi ilimwajiri mtumishi huyo kwa nidhamu ya kupigiwa mfano. Mwaka 2014 mtambo wa Neugut ulioko Dübendorf, karibu na Zurich, ulianza kutumia ozoni kwa majitaka yake yote, wa kwanza katika nchi hiyo. Tangu mwanzo wa mwaka 2016 sheria iliamuru mitambo iliyochaguliwa, mia moja na zaidi kati ya zaidi ya 700, iongezwe hatua ya kuondoa asilimia 80 ya vichafuzi hivi, na kila mkazi atozwe mpaka faranga 9 kwa mwaka kwa ajili ya kazi hiyo. Na hawakudanganyika kwamba kilichovunjwa kimekwisha. Vipande vya molekuli hubaki majini, na baadhi yake havijulikani tabia. Kwa hiyo baada ya ozoni maji hupitishwa katika mchanga wenye bakteria wanaokula sehemu ya vipande hivyo. Zaidi ya hayo, maji yenye chumvi ya bromidi yakitiwa ozoni huzaa bromati, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea mpaka wa mikrogramu 10 katika lita kwa kuhofia saratani. Lililotokea Rotterdam kwa klorini laweza kutokea popote kwa ozoni.

Wa tatu ni utando mwembamba ambao maji husukumwa yaupenye kwa nguvu nyingi. Maji hupenya, na vingi vya vichafuzi hubaki nyuma. Mtazamaji huonyeshwa bilauri ya maji safi na kushangilia, wala haonyeshwi maji yaliyobaki upande wa pili, machache kwa wingi na makali kwa uchafu, yanayongoja kupelekwa mahali. Mtu aliyefagia chumba akarundika taka nyuma ya mlango ana haki ya kusema chumba ni cheupe, lakini hana haki ya kusema nyumba ni safi.

Basi mtumishi mmoja huficha, mmoja hukatakata, na mmoja hurundika. Kusema hivi si kuwadharau, maana bila yao hali ingekuwa mbaya zaidi. Ni kuonyesha kwamba swali la mhandisi mwema haliwi moja, bali mawili. Swali la kwanza, ambalo kila mtu hulipenda, ni hili: kichafuzi kimetoka majini? La pili, ambalo hupendwa na wachache, ni hili: kimekwenda wapi?

Hapana mahali swali la pili linapouma kama katika kundi la vitu liitwalo PFAS. Mwaka 1938 mkemia Roy Plunkett huko Marekani alifungua mtungi wa gesi ulioonekana kuwa mtupu, akakuta ndani yake unga mweupe wenye utelezi. Unga ule, ambao hakuna kitu kilichougandama wala asidi iliyoula, ulikuja kupaka vikaango vya dunia nzima. Jamaa zake waliofuata ni maelfu: wa kuzuia mvua katika makoti, wa kuzuia mafuta katika karatasi, wa kuzima moto wa ndege. Nguvu yao yote imo katika kifungo cha kaboni na florini, kifungo kimoja chenye nguvu kuliko vyote katika kemia ya kaboni. Sifa iliyowafanya wapendwe ndiyo iliyowafanya wawe balaa. Kitu kisichoweza kuliwa na asidi hakiwezi kuliwa na bakteria. Kitu kinachodumu katika kikaango hudumu katika mto na katika damu. Ozoni huwapitia bila ya kuwadhuru.

Wakazi wa Wilmington katika jimbo la North Carolina walipata kulijua jambo hili kwa uchungu. Maji yao hutoka mto wa Cape Fear, na juu ya mto huo kuna kiwanda cha vitu vya florini. Mwaka 2016 wachunguzi wa chuo kikuu cha jimbo hilo na wenzao walichapisha kwamba katika maji yaliyoingia mtambo mmoja wa kusafishia maji walikuta kwa wastani nanogramu 631 katika kila lita za kitu kiitwacho GenX, na kwamba mtambo ule, pamoja na ozoni yake, haukukipunguza. Watu wengi wa mji walizisikia habari hizo mwaka 2017, gazeti lao lilipoziandika. Walikuwa wamekunywa na kupikia, na wengine wamelea mimba, bila ya kuambiwa. Mji ukajenga vichujio vikubwa vya mkaa amilifu, vikaanza kazi mwaka 2022, kwa gharama iliyozidi dola 40,000,000. Gharama haikuishia katika ujenzi. Baadhi ya jamaa za PFAS ni wepesi wa kuponyoka, kwa hiyo mkaa hauna budi kubadilishwa mara kwa mara, na mamilioni mengine hutoka kila mwaka. Fedha hizo zilitiwa katika hesabu ya maji ya kila nyumba. Aliyekunywa uchafu ndiye aliyelipa kuuondoa, na aliyeufanya alikuwa amekwisha kuuza bidhaa yake. Hapo elimu ya maji huacha kuwa kemia tupu, ikawa habari ya haki.

Ni kweli kwamba akili haijalala. Wako wanaotafuta si kuwahamisha jamaa hao bali kuwavunja. Maji yakitiwa moto kupita nyuzi 374 na kukandamizwa kwa nguvu iliyozidi mara 200 ya uzito wa hewa, huacha kuwa maji ya kawaida, na humo kifungo cha florini hukatika. Mwaka 2022 wakemia wa Northwestern, karibu na Chicago, walionyesha njia ya upole zaidi: walitumia magadi makali katika kiyeyushi kimoja cha kawaida, kwa moto wa nyuzi 120 tu, na aina fulani za PFAS zikasambaratika. Kazi hizo zastahili sifa. Lakini mtambo wa namna hiyo hauwezi kupewa mto mzima uupike. Hupewa yale machache makali yaliyokwisha kukusanywa na mkaa au utando. Kila hatua yangoja hatua iliyo mbele yake, na hatua iliyo rahisi kuliko zote ni ile ya kwanza kabisa, kabla kitu hakijaingia majini.

Ukweli huu umethibitishwa katika bara la Afrika, na mji uliouthibitisha ulikuwa na kiu kuliko wengi. Windhoek, mji mkuu wa Namibia, umekaa katika nchi kavu ambayo mito yake isiyokauka iko mipakani, mbali sana. Mwaka 1968 mji huo ulifanya jambo ambalo hakuna mji mwingine uliokuwa umethubutu: ulisafisha majitaka yake katika mtambo wa Goreangab na kuyarudisha moja kwa moja katika mabomba ya kunywa. Lucas van Vuuren, mmoja wa waliotangulia katika kazi hiyo, hukumbukwa kwa wazo lake kwamba maji yahukumiwe kwa ubora wake, si kwa historia yake. Mtambo mpya uliojengwa mwaka 2002 waweza kutoa meta za ujazo 21,000 kwa siku. Maji hupita kizuizi baada ya kizuizi: ozoni, bakteria, mkaa, utando na klorini. Hakuna kizuizi kimoja kinachoaminiwa peke yake, kwa kuwa udhaifu wa mmoja hufunikwa na nguvu za mwingine.

Walakini siri ya Windhoek haimo katika ozoni wala katika utando. Imo katika mabomba. Tangu hapo waliojenga mpango ule walitenga majitaka ya viwanda na majitaka ya nyumba. Ya viwanda hupelekwa njia yake na mtambo wake, na hayaruhusiwi kufika Goreangab. Wahandisi walijua kwamba waweza kuyasafisha maji yaliyochafuliwa na mwili wa mwanadamu, ambao wanaujua. Hawakutaka kuahidi juu ya maji yaliyochafuliwa na kila kiwanda kiwezacho kujengwa kesho. Kwa hiyo, ingawa wazo la kutoyahukumu maji kwa historia yake ni zuri, mji wenyewe uliichunga historia hiyo kwa makini. Maji yalisamehewa yaliyopita kwa sababu yaliyopita yalikuwa yamechaguliwa.

Toka huko mtu anaweza kuitazama Afrika ya Mashariki bila ya kukata tamaa na bila ya kujidanganya. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watafiti wa Kenya na wa Ubelgiji juu ya majitaka, mito na visima vya Nairobi na Kisumu. Miongoni mwa dawa walizozikuta zilikuwamo lamivudini, zidovudini na nevirapini, ambazo ni dawa za kupunguza makali ya UKIMWI. Asomaye habari hizo kwa haraka huona mto mchafu tu. Lakini lamivudini haikumwagwa mtoni na mtu mwovu. Imepita kwanza katika miili ya watu ambao miaka michache nyuma wangalihesabiwa pamoja na wafu, na ambao leo wanalima, wanafundisha na wanalea watoto wao. Uchafu huo ni kivuli cha uhai. Atakayesema dawa hiyo ikomeshwe ili mto uwe safi amepotewa na mizani.

Kutokana na hayo hudhihirika kwamba vichafuzi vipya, ijapokuwa hukaa pamoja katika orodha moja, si vya daraja moja. Kuna uchafu wa lazima, ambao ni masalio ya tiba, na hauna njia ila kusafishwa baada ya kutumika. Na kuna uchafu wa hiari, ambao ni masalio ya starehe na faida: koti lisilolowa, karatasi isiyopenya mafuta, marashi yanayokaa siku nzima. Kwa ule wa kwanza jamii ina deni la kujenga mtambo. Kwa huu wa pili ina haki ya kuuliza kama kitu chenyewe kilihitajiwa, na ni nani atakayelipa. Sheria ya majitaka iliyopitishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2024 ilijaribu kujibu swali hilo la malipo, ikaandika kwamba watengenezaji wa dawa na vipodozi wachukue walau asilimia 80 ya gharama ya kuondoa masalio yao. Walipinga, kama ilivyotazamiwa. Ubishi huo wenyewe ni dalili kwamba hesabu imeanza kupelekwa mlango unaostahili.

Nchi isiyo na umeme wa kuaminika saa zote haiwezi kuanza kwa ozoni, wala haipaswi kuona haya kwa hilo. Katika Afrika ya Mashariki majitaka mengi bado hayafiki mtambo wowote. Hukaa katika mashimo, huvutwa na magari, au hufuata mfereji mpaka mtoni. Kazi iliyo mbele ni ya zamani: kuchimba mabomba, na kujenga mabwawa ambamo majitaka hutulia siku nyingi yakitendewa kazi na jua, mwani na bakteria. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya utafiti wa mabwawa hayo, na wa ardhioevu za kutengenezwa ambamo matete huchuja maji, kwa miaka mingi. Mabwawa hayaondoi kila dawa. Kabamazepini huyapita kama inavyopita mitambo ya Ulaya. Lakini hupunguza vijidudu na sehemu ya uchafu mwingine kwa gharama inayoweza kubebwa. Huko Arusha, mhandisi Askwar Hilonga alitengeneza kichujio cha mchanga na chembe ndogo mno zinazochaguliwa kufuatana na uchafu wa mahali, na mwaka 2015 alipata tuzo ya kwanza ya uvumbuzi wa uhandisi wa Afrika iliyotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza. Jambo lililo bora katika wazo lake ni kule kuchagua. Halikudhani kwamba maji ya kila mahali ni mamoja. Liliuliza kwanza maji haya yamepita wapi.

Pamoja na mabomba na mabwawa, kuna mambo yasiyongoja mkopo wala mtaalamu wa kigeni. Vidonge vilivyopitwa na tarehe vyaweza kurudishwa dukani au hospitalini badala ya kutupwa chooni. Hospitali kubwa yaweza kuwa na bwawa lake. Kiwanda kipya chaweza kunyimwa ruhusa mpaka kionyeshe, kwa maandishi, kila kitu kitakachotoka katika bomba lake. Nchi ambayo bado haijajenga mifereji yake yote ina nafasi moja ambayo nchi zilizotangulia zimeipoteza, nayo ni kutenga mapema kilicho cha viwanda na kilicho cha nyumba, kama Windhoek ulivyotenga, kabla havijachanganyika chini ya ardhi. Wahenga walionya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na Wilmington umejenga ukuta wa dola milioni arobaini na zaidi.

Mtafiti aliye maabara, akipima nanogramu usiku, hafanyi kazi ndogo. Yeye ndiye jicho jipya lililokuja baada ya ulimi kushindwa katika Broad Street. Lakini jicho halina mkono wa kufunga bomba la kiwanda, wala kinywa cha kutunga sheria. Akiachwa peke yake, kila atakachokiondoa kitarudi kwa jina jingine, naye atazeeka akitengeneza kichujio cha kuchuja masazo ya kichujio kilichotangulia. Akisikilizwa na watawala, na wenye viwanda, na mama wa nyumba aliyeshika vidonge vya zamani mkononi, kazi yake itapungua kila mwaka, na hapana mhandisi mwema atakayesikitika kwa upungufu huo. Samaki wa Ziwa namba 260 waliongezeka tena kwa sababu hiyo hiyo.